Ninasali kwa Niaba ya Mama Mkwe, Lakini Mimi Siamini

Mpendwa mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi pokea salamu tu, naomba msaada wako kabla sijapasuka, maana jambo lenyewe siwezi kumwambia mtu yeyote ninayeishi naye wala ninayefanya naye kazi, na kila nikilianza kichwani mwangu sioni linaishia wapi.

Mimi ni mwanamke mwenye mume na watoto, na kazi yangu ni kutangaza kwenye stendi kuu ya mabasi. Ile sauti unayoisikia ikisema basi la asubuhi limeshafika, abiria wahakikishe mizigo yao, basi ndiyo mimi, nakaa kwenye kijumba cha kioo juu ya ukumbi wa tiketi, na maiki yangu na feni inayozunguka ikijisikia, na kwa miaka yote niliyokaa humo nimejifunza kwamba sauti ikitulia watu wanaamini, hata kama basi lenyewe bado liko gereji limeinuliwa kwa jeki. Nakuambia hili mapema kwa sababu ndiko balaa langu lilikoanzia.

Tunaishi na mama mkwe wangu. Huyu mama, mshauri, si yule mama mkwe wa kwenye hadithi za saluni, alinipokea kama mtoto wake wa kumzaa, na nilipojifungua ndiye aliyenikanda na kunilisha na kunifokea nilipotaka kuinua ndoo. Mtaani wanamwita Kengele, kwa sababu akisali jioni majirani wanajua wakati wa kula umefika. Ana sala yake moja, hakufundishwa na mtu, aliitunga mwenyewe enzi marehemu mume wake alipokuwa dereva wa malori, na husali hiyo hiyo kila siku kabla hatujagusa sahani: "Bwana, walio safarini wafike, walio ndani walale, wanaoumwa wapoe, wenye hasira watulie, na mimi unikumbuke. Amina." Hayo tu, lakini kwa sauti yake ile hata watoto walikuwa wanaacha kufinyana.

Mwaka huu akapata kiharusi. Alikuwa anaanua nguo, mkono wa kulia ukalegea, mdomo ukaenda upande, na alipozinduka hospitali maneno yote yalikuwa yamekwenda isipokuwa moja, "haya." Ukimuuliza unataka maji, haya. Nikuzimie taa, haya, huku kichwa kinakataa. Akili yake ni timamu kabisa, anaelewa kila kitu, ukimtania anacheka, lakini neno akilitafuta haliji, na mimi nimemwona yule mama ninayemwogopa na kumpenda akilia kwa kushindwa kusema kijiko.

Jioni ya kwanza aliporudi nyumbani tulikaa mezani tukisubiri, naye akafungua mdomo asali, "haya, haya, haya," akapiga meza kwa mkono mzima, mume wangu akainamia sahani yake, watoto wakanitazama mimi, na mimi kwa huruma, na kwa mazoea ya kazi pia maana mimi watu wakisubiri kusikia jambo huwa nasema, nikaishika ile sala nikaisema mpaka amina. Mshauri, uso wake ulilainika, akafumba macho, akala kwa mara ya kwanza tangu augue. Tangu siku hiyo mimi ndiye ninayemsalia.

Sasa hapa ndipo nataka unishike mkono. Mimi siamini. Sijawahi kumwambia mtu. Sikugombana na Mungu, sikufiwa na mtoto, wala hakuna mtu aliyenishawishi kwa maneno, ila imani yangu iliisha kama sabuni inavyoisha bafuni, unaitumia kila siku halafu unagundua mkononi hakuna kitu na hujui imeisha lini. Kanisani nakwenda kwa sababu familia inakwenda, na naimba kwa sababu nina sauti. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiona dini ni mkongojo wa watu walioshindwa kusimama wenyewe, siwadharau, na wao wanisamehe, lakini hivyo ndivyo nilivyoona.

Na mimi huyo huyo sasa ndiye ninayesali kwa sauti kila jioni, na cha ajabu namwona mama akipata nguvu. Wakati wa sala ukikaribia anainuka kitandani bila kuitwa, anashika ukuta, anaburuza mguu mpaka mezani, na hataki kushikwa. Kama huo ni mkongojo basi unafanya kazi, nitausemaje vibaya? Lakini kuna dada wa hospitali anayefundisha wagonjwa kuongea tena, anakuja na kadi zake za picha, kikombe, ufagio, paka, na mama anazisukuma zile kadi, ananionyesha mimi kwa kidole, kisha anainua kile kiganja chake kizima kama mtu anayesali. Yaani hataki kujaribu, anataka niombe tu! Hapo namwona kabisa ameegemea sala na kuacha kazi ya kupona.

Yule dada akaniita nje akaniambia, "Dada yangu, mama anaweza. Lakini miezi hii ya mwanzo ndiyo ya kuiwahi. Maneno aliyoyazoea sana ndiyo yatatangulia kurudi. Wewe anzisha kitu anachokijua siku zote, halafu ishia njiani, nyamaza, mwache amalizie. Ukimmalizia kila kitu, ataongea lini?"

Nikamwambia sawa. Na sikufanya. Mshauri, sielewi kwa nini sikufanya. Kuna jioni moja nilipaliwa na mate, nilikuwa nimesema "walio safarini" kikohozi kikanishika, na katikati ya kukohoa nikasikia sauti nzito ya kukwaruza inasema, "Wafike." Alikuwa ni yeye! Watoto wakaruka juu ya viti, mume wangu machozi yakamlengalenga, na mimi badala ya kunyamaza nikaogopa, nikaendelea mbio mbio mpaka amina kama mtu anayekimbizwa. Tangu siku ile sijaacha hata upenyo wa kupitisha sindano. Tena sala nimeirefusha, naombea majirani, naombea wodi nzima aliyokuwa amelazwa mama, naombea mabasi na matairi yake, mpaka mwanangu mkubwa akaniambia, "Mama, chakula kimepoa, hata Mungu ameshakwenda kula."

Halafu wakaja kina mama wa maombi kutoka kanisani kumjulia hali. Wakaniomba nisali, nikasali, na nikiwa katikati mama akanyoosha mkono wake mzima akanifunika mdomo kwa kiganja, akakandamiza. Chumba kizima kikalipuka kwa vigelegele. "Amekukabidhi huduma!" "Amekupaka mafuta, dada!" Mama alipoondoa mkono nikaendelea pale nilipoishia, na yeye akageuka akatazama ukutani, wakasema ameguswa. Sasa mtaani mimi naitwa Mdomo wa Mama, na mchungaji amekubali kwamba Jumapili hii nisimame mbele ya kanisa zima niongoze sala ya akina mama, nafasi aliyokuwa nayo yeye siku zote, na yeye atakuwa amekaa hapo hapo mbele ananitazama.

Na ngoja nikumalizie yote. Wiki iliyopita kazini nilikuwa natangaza basi la mchana, nikasema abiria wote wapande, dereva yuko tayari, walio safarini wafike, amina. Kwenye maiki! Ukumbi mzima wa tiketi ukaitikia, "Amina!" Meneja wa stendi akapanda ngazi anahema, akasema, "Hapa ni stendi, mama, si madhabahu." Nikaomba radhi. Lakini mshauri, alipoondoka nilizima maiki nikaisema ile sala yote tena peke yangu, polepole, na kifua kikawa chepesi kama nimetua mzigo. Nilikuwa namwambia nani? Mimi si nimesema siamini? Siku hizi naingoja jioni kuliko mama anavyoingoja.

Mume wangu nikimdokeza kwamba sijisikii vizuri kusimama Jumapili ananiambia, "Wewe sali tu, utapungukiwa nini?" Sijui kama mimi ni mnafiki ninayemdanganya mgonjwa, au namsaidia. Sijui kama imani ndiyo inayomwinua mama au ndiyo inayomfanya asijaribu. Na nikisema ukweli kwamba mdomo anaoutegemea hauna imani ndani yake, si nitamrudisha kitandani moja kwa moja? Naomba unijibu kabla ya Jumapili, maana nimechanganyikiwa mpaka juzi nimetangaza basi lililokwisha ondoka.

Ni mimi, mtangazaji nisiyejielewa.

MSHAURI ANAJIBU

Mtangazaji, marahaba. Nimekuzidi umri, na leo nitakuzidi na ukali, kwa hiyo kaa vizuri. Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikakuhurumia, nikairudia nikatamani kukufinya.

Umeniuliza imani ni nguvu au ni mkongojo. Nitakujibu, lakini subiri kwanza, kuna mtu nyumbani kwako ambaye muda wake wa kupona unakatika, na wewe unaniletea maswali ya kujadiliwa na watu walioshiba. Tuanze na yeye.

Mama mkwe wako alikuziba mdomo. Mwanangu, mtu akikuziba mdomo anataka unyamaze! Jambo hilo hata mtoto mchanga analielewa, lakini mlikuwa watu wazima chumba kizima, mkapiga vigelegele. Halafu alipokuondolea mkono ukaendelea pale pale ulipoishia. Aligeukia ukuta, nanyi mkasema ameguswa. Aliguswa kweli, na hasira. Ningekuwa mimi ningekurushia mto.

Na zile kadi. Unasema hataki kujaribu. Mwanamke aliyezungumza na Mungu mbele ya watu maisha yake yote, leo anaonyeshwa picha ya paka aitaje kama mtoto wa chekechea. Hata mimi ningeisukuma. Angalia tena alichofanya baada ya kuisukuma: alikuonyesha wewe, akainua kiganja. Ulidhani anasema "niombee." Mimi sikuwepo, lakini ninavyosoma, alikuwa anasema "tuanzie kwenye sala." Ni maneno yale yale ya yule dada wa hospitali, mgonjwa na mtaalamu wake wamekubaliana bila kusemezana, aliyebaki nyuma ni wewe katikati yao na sauti yako nzuri.

Sasa tuje kwako. Unasema huelewi kwa nini huachi nafasi. Unaelewa, na umeniandikia mwenyewe ila umelifukia chini ya mabasi na matairi. Unaingoja jioni kuliko mama anavyoingoja. Hapo mezani umepata mahali unapoweza kusema na Mungu bila kuulizwa unaamini au huamini, maana sala si yako, wewe ni mdomo tu. Mama akirudi kusali mwenyewe, utabaki na mdomo wako na hujui utasema nini nao. Kwa hiyo huogopi kwamba mama hatapona. Unaogopa atapona.

Najua limekuuma. Sikukuandikia kwa kukuchukia, wewe si mtu mbaya, ulimwona mgonjwa anaaibika mezani ukamstiri, na Mungu akulipe kwa jioni ile hata kama hamsalimiani. Lakini baada ya jioni ile ukawa mtu mwenye kiu anayekunywa kwenye kikombe cha mgonjwa. Kiu si dhambi. Tafuta kikombe chako.

Na swali lako nalijibu hivi. Sala ilipomwinua mama kitandani akashika ukuta bila kushikwa, ilikuwa nguvu. Sala hiyo hiyo, ulipoirefusha asipate pa kuingiza neno lake, ikawa mkongojo, na aliyeuegemea ni wewe uliyekuwa ukiwahurumia wenye mikongojo. Nyani haoni kundule. Ukitaka kujua imani ya mtu ni kipi kati ya hivyo viwili, mtazame kama anasimama au anakaa. Hilo naweza kukuambia. Kama Mungu anasikia sala ya mtu asiyemwamini, hilo sijui, na atakayekuambia anajua kwa hakika muulize alipigiwa simu lini.

Sasa fanya hivi. Leo jioni, si kesho, kaa mbele ya mama akuone mdomo. Sema "Bwana, walio safarini," halafu funga mdomo wako. Usikohoe, usimsaidie kwa macho, usimwambie mwanao atulie. Kutakuwa na kimya kirefu, na wewe kwa kazi yako kimya kinakutisha, kivumilie. Akisema "haya," pokea, ngoja tena. Akipiga meza, mwache apige, meza si ya mkopo. Akisema neno moja tu, nenda kwenye kipande kinachofuata na unyamaze tena. Kesho na keshokutwa hivyo hivyo, na matairi ya mabasi yaombewe na wenye mabasi. Yule dada wa hospitali mwambie wazi kwamba hukufanya alichokuagiza, akuonyeshe upya, hatakula nyama yako.

Jumapili usisimame. Hilo halina mjadala. Mwambie mchungaji kwamba mwenye nafasi yake yupo hai, amekaa kiti cha mbele, na hajamkabidhi mtu kitu. Wamwache na nafasi yake hata kama kwa sasa ataijaza kwa neno moja. Kina mama watanuna. Walikuvika kilemba cha ukoka na wewe ukakivaa, sasa kivue mwenyewe kabla hakijanyaukia kichwani. Na mume wako anayesema utapungukiwa nini, mjibu hivi: atakayepungukiwa ni mama yake. Kisha naye akae mezani akitazama uso wa mama badala ya sahani, maana kuinamia chakula hakujawahi kumponya mtu.

Kuhusu kule kwenye kijumba cha kioo, ukizima maiki, endelea. Lakini usitumie maneno ya mama. Tumia yako, hata kama ni mabaya, hata kama ni ya kulalamika, hata kama ni kusema "sijui kama upo na nimechoka." Ukikuta huna la kusema, kaa kimya uendelee na kazi, hilo nalo utakuwa umelijua. Sitakulazimisha uamini ili barua yangu iishe vizuri, na usijilazimishe wewe. Mtu anaruhusiwa kutojua kwa muda.

La mwisho ndilo zito kuliko yote, nisikilize. Usimwambie mama sasa hivi kwamba huamini. Si kwa sababu atavunjika, huyo mama anaonekana ni mgumu kuliko wewe na mimi. Ni kwa sababu hana maneno ya kukujibu, na kumtwisha mtu jambo kama hilo wakati anachoweza kusema ni "haya" ni kumwonea. Atatoa msamaha ambao hakuuchagua. Msaidie kwanza apate maneno. Siku atakapoyapata, hata yakiwa machache na ya kukwaruza, kaeni wawili, mwambie yote kama ulivyoniambia mimi, halafu unyamaze umsikilize. Atakugombeza. Anayo haki ya kukugombeza kwa mdomo wake mwenyewe, na wewe, ninavyokusoma, umemkumbuka akikugombeza.